Bei imeshuka baada ya kununua: urudishe mali au uombe tofauti?

Umenunua blanketi Mwanjelwa mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya imekaza, kwa shilingi 45,000. Wiki moja baadaye duka lilelile linaliuza 35,000. Lako bado liko kwenye mfuko wake.

Njia ya kwanza ni kulirudisha ukidai halitoshi kitanda, urejeshewe pesa, kisha umtume mdogo wako akanunue lilelile kwa bei mpya. Elfu kumi imebaki mfukoni. Lakini umesema uongo, na hilo linaniuma kuliko hiyo hela. Maduka mengi yetu yana karatasi ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muuzaji anayekubali kurudishiwa mali anakuamini, ili aliyeuziwa blanketi lililotoboka asaidike. Akiuona mchezo huo mara mbili tatu, naye atabandika karatasi, na atakayeumia ni mama aliyetoka Uyole na kitu kibovu kwelikweli.

Njia ya pili ni kumwendea muuzaji wazi: "Kaka, nilichukua hili juzi kwa arobaini na tano, naona limeshuka. Nifikirie." Anaweza kukataa, na ana haki, maana bei mlikubaliana. Lakini anaweza pia kukupunguzia kwenye shuka utakayonunua. Marekani yapo maduka makubwa yanayorudisha tofauti kwa utaratibu yalioutangaza yenyewe. Kuidai huko ni kutumia ahadi ya duka.

Mimi huenda na ya pili, hata nikijua jibu laweza kuwa hapana.