Waya wa kushikia mafuta kwenye Hilux ya zamani: uzoefu wangu Moshi–Same

Wenye Hilux za dizeli za zamani, zile ambazo pampu yake haina kompyuta, nawapa mrejesho wa waya wa kushikia mafuta bila mguu kukanyaga, niliofungiwa na fundi hapa Moshi. Si ubunifu mpya. Land Cruiser za dizeli za zamani zilikuja na kitufe cha namna hii kwenye dashibodi. Fundi alitafuta waya wa choki wa mtumba, akatoboa karibu na usukani, akaufunga kwenye mkono wa pampu. Ukivuta, mafuta yanabaki ulipoyaacha. Ukibonyeza kitufe cha katikati, waya unarudi wote mara moja.

Mimi nachukua tangawizi Same. Ukishaiacha Njia Panda ya Himo ukaitafuta Mwanga, milima ya Upare iko kushoto kwako, barabara imenyooka, na hapo ndipo mguu unapoponza. Unaanza na 80, ukistuka uko 100, unapunguza, unakanyaga tena. Huko kukanyaga na kuachia ndiko kunakokula dizeli. Tena hiyo 100 yenyewe ni ghali, maana upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa spidi: kutoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Napima kwa kujaza tanki kituo kilekile, mzigo uleule. Nilikuwa napata kilomita 10 kwa lita, sasa napata 11 na kidogo. Goti la kulia nalo limepona uchovu.

Sasa udhaifu, na hapa naomba msome taratibu. Waya unashika mafuta, haushiki spidi. Kilimani gari linapungua, nami naliacha lipungue, maana ni sehemu ya faida. Mteremkoni linakimbia, kwa hiyo naachia waya nikiwa kwenye gia, siweki nyutro. Hatari kubwa ni breki. Kruzi ya kiwandani, ule mfumo unaoshika spidi wenyewe, hukata yenyewe ukigusa breki. Huu waya haukati. Ng'ombe wakikatiza, mkono lazima uwe umeshafika kwenye kitufe. Kwa hiyo kwenye mvua, kwenye vibao vya 50 na nyuma ya malori siugusi kabisa.

Kuna madereva wanaotegesha kipande cha mti kati ya kiti na kanyagio. Jamani, acheni. Kikikwama huna pa kukimbilia.

Gari lenye kanyagio la umeme halifungiki waya huu. Huko bandika selotepu nyekundu kwenye kioo cha mita, pale kwenye 80. Mimi ninayo mpaka leo, na jicho linaifuata lenyewe.

Ukienda kufunga, dai waya wenye kitufe, si wa kuzungusha. Kabla hujalipa, jaribu gari likiwa limesimama: vuta mpaka raundi za injini zipande, bonyeza, zishuke papo hapo. Zikichelewa, fundi ashughulikie springi ya pampu kwanza.