Hei au pumba za mahindi kwa farasi wa Iringa na Mbeya?

Agosti nyasi zikikauka, mfugaji anabaki na mawili: hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, au pumba za mahindi ambazo kila mashine ya kusaga inazo. Sisi tunasimama na hei. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, naye hutafuna taratibu mchana na usiku. Utumbo wake umeumbwa kwa kazi hiyo.

Pumba hupatikana kirahisi na hutia nguvu haraka, lakini hapo hapo balaa huanzia. Wanga ukizidi huchacha kwenye utumbo mpana, tumbo linamsokota, na farasi hawezi kutapika. Kwato nazo huvimba kwa ndani: zishike, utazikuta za moto, na mnyama anaegemea nyuma ili kuzipunguzia uzito zile za mbele. Tena pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo mifupa hudhoofika. Kibaya zaidi ni pumba za mahindi yaliyoota ukungu. Sumu yake huharibu ubongo wa farasi, ilhali ng'ombe aliyekula pumba hizo hizo anaweza kuonekana mzima kabisa.

Kwa farasi wa kazi, pumba zisizidi kilo 1 kwa mlo. Zianze kidogo kidogo kwa siku 10, zikichanganywa na chokaa ya mifugo.

Hei nayo ikifungwa mbichi huvunda. Fungua robota, ingiza mkono katikati. Ukihisi joto, au vumbi jeupe likiruka, usilishe.