Noti za kale za dola: programu ya simu dhidi ya mzee mwenye kioo cha kukuzia

Mavyaa wangu alipohamia nyumba ndogo hapa Ohio mwaka jana, alinikabidhi mkebe wa biskuti uliojaa noti za marehemu baba yake, aliyekuwa baharia wa jeshi la majini huko Hawaii wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitaka kujua zina thamani gani kabla ya kuwagawia wajukuu. Nikapakua programu ya simu, ile unayopiga picha noti nayo inakutajia jina na bei, nikalipia mwezi mmoja.

Kwa noti za kawaida haikuniangusha. Mkebeni mlikuwa na dola moja moja 14 za mwaka 1957, zenye muhuri wa bluu na maneno "Silver Certificate" juu. (Noti hizo ulikuwa unaweza kuzibadilisha serikalini upewe madini ya fedha, hadi Juni 1968.) Programu ilisoma sahihi za maofisa wa hazina, Priest na Anderson, ikanipa mpaka namba ya Friedberg, 1619. Namba za Friedberg ndizo lugha ya wakusanyaji: kila aina ya noti ya Marekani ina yake, na ukimtajia mfanyabiashara anajua mara moja unazungumzia ipi. Hapo ilistahili pesa yangu. Shida ni bei. Ilinipa bei ya noti ambayo haijawahi kukunjwa, na zangu zilikuwa zimelegea kama kanga kuukuu.

Halafu ikanipotosha kweli. Kwenye mkebe kulikuwa na noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States, ya mwaka 1840, karatasi ya manjano inayokwaruza vidoleni. Programu ikasema ni halisi, ikataja maelfu ya dola. Usiku ule nilishindwa kulala, nikaanza kupanga karo za watoto.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye mnada wa sarafu na noti unaofanyika ukumbi wa mji wetu. Mzee mmoja mwenye meza ya pembeni aliipokea ile noti, akatazama namba tu, akanirudishia. Namba 8894. Ni nakala za ukumbusho zilizochapwa kwa wingi, na zote zina namba hiyo hiyo. Niliumia, lakini alinieleza kwa upole, naye hakuwa na haraka.

Noti iliyomfanya atoe kioo cha kukuzia ni ile ambayo programu iliipuuza. Dola moja ya toleo la 1935A. Programu iliiita ya kawaida. Mzee akanionyesha: muhuri ni wa kahawia, si wa bluu, na pembeni kushoto na kulia pamepigwa neno HAWAII kwa wima. Akaigeuza. Nyuma neno lile lile limetanda noti nzima kwa herufi kubwa zilizochorwa mistari ya kingo tu, ndani tupu. Baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani huko Hawaii, serikali iliogopa kwamba wakiviteka visiwa hivyo watazibeba dola, hivyo mwaka 1942 ikakusanya zile za kawaida na kuziteketeza, nyingine katika tanuri la kiwanda cha sukari cha Aiea, ikatoa hizi zenye alama. Visiwa vikichukuliwa, ingetosha kutangaza kuwa noti zenye alama hiyo hazina thamani.

Akaiinua kwenye taa. Tundu dogo la pini, mikunjo mitatu, pembe moja imechakaa. Alinitajia bei ya dola 40, akanishauri nisiipeleke kwa kampuni za kupima hali ya noti, zile zinazotoa alama hadi 70, kwa sababu gharama ingekula karibu thamani yote. Akanikanya pia nisiifue wala kuipiga pasi, maana mnunuzi mzoefu atajua na bei itashuka.

Kwa ushauri wote huo hakunidai hata senti. Nilimuuzia zile za 1957 kwa dola 2 kila moja. Noti ya Hawaii sikuiuza. Nilimpigia simu mavyaa palepale mezani, nikamsomea yaliyoandikwa nyuma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimrudishie.

Programu naipa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya namba za Friedberg. Mzee wa meza ya pembeni, 5.