Hellcat, GT500 au ZL1: Lipi Utaweza Kuishi Nalo Kila Siku?

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo ninawaletea magari matatu ya Kimarekani ya milango miwili, yote yakiwa na injini ya silinda nane iliyofungwa supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, na yote yakipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma pekee: Dodge Challenger SRT Hellcat, Ford Mustang Shelby GT500 na Chevrolet Camaro ZL1. Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, na ukoo wao unarudi hadi Pontiac GTO ya mwaka 1964, gari la ukubwa wa kati lililopewa injini ya gari kubwa.

Kabla sijaenda mbali, fahamuni kwamba hakuna hata moja kati ya haya matatu linalotengenezwa leo. GT500 ilisimama baada ya toleo la mwaka 2022, na mwezi Desemba 2023 Challenger ikafungiwa pazia katika kiwanda cha Brampton, Ontario, huku Camaro ikifungiwa lake kule Lansing, Michigan. Kwa hiyo ninazungumza na mtu anayetafuta gari lililokwisha kutumika, hasa ninyi mnaoishi Marekani na Kanada, au Muscat na Dubai, ambako usukani wa kushoto ndio wa kawaida. Ninalisema hili mapema kwa sababu magari haya matatu hayakutoka kiwandani yakiwa na usukani wa kulia, na mtu aliyeko Nairobi asitumie fedha yake kabla ya kusoma sheria ya usajili, ambayo nchini Kenya hairuhusu magari ya usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu.

Tuanze na nguvu, maana ndizo zinazowavuta watu. Hellcat ilipotoka kama toleo la mwaka 2015 ilikuwa na nguvu za farasi 707 kutoka injini ya lita 6.2, na baadaye likaja toleo lake la Redeye lenye 797. GT500 ya mwaka 2020 ina 760 kutoka lita 5.2. ZL1 ina 650, nayo pia ni ya lita 6.2. Ukiyapanga kwa takwimu hizo peke yake, Camaro inakuwa ya mwisho, na mtu anayesoma karatasi ya muuzaji ataipita bila kugeuka. Hapo ndipo ninapotaka kuwasimamisha, kwa sababu nguvu zikishavuka kiwango fulani, kinachoamua mwendo wa gari ni uwezo wa matairi kushika barabara, si uwezo wa injini.

Dodge wenyewe walitupa ushahidi mzuri wa jambo hili. Hellcat ya kwanza, ikiwa na matairi yake ya kawaida, ilipimwa robo maili, yaani takriban mita 402, kwa sekunde 11.2. Gari hilohilo lilipovalishwa matairi laini ya mbio za kwenda moja kwa moja, likatumia sekunde 10.8. Injini haikuguswa, na hakuna farasi hata mmoja aliyeongezwa. Kilichobadilika ni mpira tu. Sasa fikirini maana yake katika barabara ya mjini asubuhi yenye ubaridi na unyevu. Hellcat zile za mwanzo zilikuja na matairi ya upana wa milimita 275 mbele na nyuma, na ukikanyaga mafuta kwa nusu tu ya kanyagio katika gia ya pili, taa ya kuzuia utelezi huanza kumeta na kompyuta hupunguza nguvu ambazo umezilipia. Toleo la bodi pana, lililoanza mwaka 2018, lina matairi ya milimita 305, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalostahili kutafutwa hata kama muuzaji atakuongezea bei.

Camaro ilichukua njia nyingine, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi katika uendeshaji. Ina uzito wa takriban kilo 1,760 ikiwa na gia za mkono, wakati Hellcat inapita kilo 2,000, na tofauti hiyo ni sawa na kubeba abiria watatu wazima kila uendako. Bodi yake imejengwa juu ya msingi uleule uliotumika kwa Cadillac ATS, gari lililokusudiwa kukata kona tangu mwanzo, na shokapu zake hubadilisha ugumu kwa nguvu ya sumaku mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mwaka 2017 toleo lake la ZL1 1LE lilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 16.04. Siwaambii hilo ili mwende kushindana na saa. Ninawaambia kwa sababu gari lililoweza kufanya hivyo hukupa utulivu unapolazimika kukwepa kitu ghafla katika barabara kuu, usukani ukijibu pale unapoutazamia. Ila 1LE yenyewe sikushauri uichukue kwa matumizi ya kila siku. Shokapu zake si zile za sumaku, ni ngumu wakati wote, na kiungo cha daraja utakisikia kiunoni kabla ya kukisikia masikioni.

GT500 ndiyo iliyosukwa kwa ufundi mkubwa kuliko zote. Giaboksi yake ina klachi mbili na gia saba, klachi moja ikishika gia inayotumika na nyingine ikiwa tayari na inayofuata, hivyo badiliko hukamilika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nilitarajia giaboksi ya namna hiyo isumbue katika foleni, kwa kuwa nyingi za aina yake hushtuka gari linapotambaa, lakini hii hutambaa kwa upole. Diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 420, kubwa kuliko rimu nzima ya gari dogo la familia. Ford walisema inamaliza robo maili chini ya sekunde 11, na ninawaamini. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwendo wake wa juu umewekewa kikomo cha takriban kilomita 290 kwa saa, wakati Camaro yenye farasi 110 pungufu ilipimwa wastani wa takriban 318. Kwa barabara zetu tofauti hiyo haina kazi, lakini inaonyesha jinsi ambavyo idadi ya farasi haisemi kila kitu.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo ni joto. Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe ili kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa inaposhindiliwa hupata joto. Hewa moto ina oksijeni kidogo kwa ujazo uleule, na pia huleta hatari ya petroli kuwaka kabla ya wakati wake, kwa hiyo kompyuta huirudisha injini nyuma ili kuilinda. Ndiyo sababu ZL1 ina vipoza-joto 11 vya aina mbalimbali, na hata nembo ya Chevrolet iliyo mbele imetobolewa katikati ili kupitisha hewa kwenda kwenye rejeta. GT500 ina tundu kubwa juu ya boneti, na chini yake kuna sinia ya kuzuia maji ya mvua ambayo mwenye gari anaweza kuitoa anapokwenda uwanja wa mbio. Ukikuta GT500 inayouzwa, fungua boneti uhakikishe kwamba sinia hiyo imo. Kwa mtazamaji wa Muscat, ambako joto la mwezi Juni hupita nyuzi 40, ningetazama Redeye, kwa sababu mfumo wake hutumia gesi ya kiyoyozi cha gari kupoza hewa inayoingia kwenye injini.

Sasa tuingie ndani, tukae. Hapa Camaro inapoteza karibu yote iliyoyapata. Madirisha yake ni membamba, nguzo za nyuma ni nene, na mwenye kimo kifupi atajikuta anaendesha kana kwamba anachungulia kupitia upenyo wa ukuta. Kurudi nyuma katika maegesho ya duka kunakutegemeza kwenye kamera peke yake. Buti yake inachukua takriban lita 258, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba sanduku kubwa la safari hugoma kupita hata kama ndani nafasi ipo. Viti vya nyuma ni vya mikoba. Mimi ni mpenzi wa namna gari hili linavyokata kona, na iliniuma kweli kuona kwamba siwezi kumshauri mzazi mwenye watoto wawili alinunue.

Challenger ni kinyume chake. Ina urefu wa zaidi ya mita 5, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unazidi ule wa Mustang kwa zaidi ya sentimita 20, na urefu huo unauona pale watu wazima wawili wanapokaa nyuma bila kulalamika, na wa tatu akabanana nao kwa safari fupi. Buti ni takriban lita 459. Viti vyake ni vipana, shokapu zake katika hali ya kawaida hulainisha mashimo, na giaboksi yake ya otomatiki ya gia nane hubadilika bila kukugutusha. Ukiwa barabara kuu kwa mwendo wa utulivu, matumizi rasmi ni takriban lita 11 kwa kilomita 100, ambayo kwa injini ya namna hii ni nafuu. GT500, kwa kipimo hichohicho cha serikali ya Marekani, hutumia karibu lita 20 mjini na 13 barabara kuu. Yote matatu yanataka petroli ya oktani ya juu, na hapo hakuna njia ya mkato.

Mustang iko katikati: buti ya lita 382, kioo cha mbele unachoona nacho vizuri, na ekzosi yenye hali ya ukimya ambayo majirani wako watakushukuru kwayo saa kumi na moja alfajiri. Tahadhari yangu ni juu ya kifurushi chake cha kaboni, kile chenye rimu za nyuzi za kaboni. Kifurushi hicho kinaondoa kabisa viti vya nyuma, na rimu zile ni nyepesi na nzuri ajabu, lakini shimo moja la barabarani la msimu wa baridi katika mitaa ya Chicago linaweza kukugharimu fedha ambayo ungeitumia kwa mwaka mzima wa bima.

Na kuhusu bima, sikilizeni kwa makini. Mwaka 2023 Highway Loss Data Institute, taasisi ya Marekani inayochambua takwimu za bima za magari, ilitangaza kwamba Charger Hellcat, ndugu wa Challenger mwenye milango minne na injini ileile, ilikuwa ikiibwa zaidi ya mara 60 ya wastani wa magari mengine. Dodge walitoa programu ya ulinzi ambayo, namba ya siri isipoingizwa, huifunga injini isitoe hata nguvu za farasi 3. Muulize muuzaji kama programu hiyo imewekwa, na uombe bei ya bima kabla ya kuweka sahihi, si baada.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye gari la pili nyumbani, na anayependa kuendesha kwa ajili ya kuendesha, achukue ZL1 ya kawaida yenye gia za mkono. Mwenye gari moja tu, linalopaswa kufika kazini, shuleni na harusini, achukue Hellcat ya bodi pana yenye otomatiki. GT500 ninaiheshimu, lakini bei yake inaanza kupanda kama kitu cha kuhifadhiwa, na gari unaloogopa kuliegesha si la kila siku.

Kwa lolote utakalochagua, inama utazame ubavu wa tairi. Utaona tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu: 2321, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Matairi ya kiangazi ya magari haya hukauka na umri na hukakamaa zaidi baridi inapokaribia nyuzi sifuri, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Yakiwa ya zamani, punguza bei ya matairi manne mapya katika ofa yako, na usijaribu mwendo wa gari hilo siku hiyo.