Ziara ya Bosra na mwongozaji: bwana huyu anastahili pesa yake, ila muombeni muda zaidi Msikiti wa Mabrak

Ukienda Sham kwa ajili ya Sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, tenga siku nzima ya Bosra, mji wa kusini mwa Syria, na usiingie mji wa kale bila mwongozaji. Tuliyempata sisi kupitia hoteli yetu ya Damascus anajua kazi yake.

Mimi nasomesha madrasa, na kisa cha Rahibu Bahira, mtawa wa Kikristo, nimekisikia kwenye Barzanji tangu utotoni: Mtume (s.a.w.) ana miaka 12, yuko safarini na ami yake Abu Talib, rahibu anamtambua kuwa ni Mtume ajaye. Nilitaka mtu wa kunionyesha mahali bila kutia chumvi. Alitusimamisha mbele ya jengo la mawe meusi linaloitwa kanisa la Bahira, akasema wazi kwamba jina hilo ni la mapokeo tu. Ndipo akasimulia kwa mpangilio wa Ibn Ishaq, mwandishi wa mwanzo wa Sira: wingu likimtilia kivuli, matawi yakimwinamia, Maquraishi wakienda karamuni na kumwacha yeye kwenye mizigo kwa udogo wake, Bahira akisisitiza asibaki nyuma hata mmoja. Machozi yalinilenga pale, sifichi. Halafu akatueleza kwamba al-Dhahabi, mwanachuoni mhakiki wa hadithi, aliipinga riwaya iliyo katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi, ile inayosema Abu Bakr alimtuma Bilal afuatane na Mtume kurudi. Abu Bakr mwenyewe wakati huo alikuwa mtoto, naye alimnunua Bilal kutoka utumwani miaka mingi baadaye. Kwangu, mwongozaji anayesema hayo mbele ya wateja waliokuja na mapenzi yao ni mwaminifu.

Karibu na hapo kuna magofu ya kanisa kuu la mwaka 512, la Sergius, Bacchus na Leontius. Wakristo wa mashariki nao humwita Bahira Sergius, na mwenzetu mmoja akadhani ni yeye. Akafafanuliwa kwa upole: huyu wa kanisa ni askari wa Kirumi aliyeuawa kwa imani yake, zaidi ya miaka 200 kabla ya Bahira.

Kilichoniudhi ni Msikiti wa Mabrak. Tulipitishwa mbiombio, wakati ukumbi wa maonyesho wa Warumi ulikula karibu asubuhi yote. Ni mzuri, lakini si ulionipeleka. Mwambieni mapema aanze na misikiti na makanisa, ukumbi uwe wa mwisho. Kina mama, vaeni viatu vya kukamata. Yale mawe yanateleza.