Boti ya Alumini Inavuja: Fimbo za Kulehemu, Epoksi, Sikaflex au Ribiti?

Hamjambo watazamaji, karibuni. Hapa kwenye trela tuna boti ya uvuvi ya alumini, futi 14, iliyoungwa kwa ribiti. Mezani kuna vitu vinne ambavyo mtu wa Nairobi huuziwa akitaka kuziba boti ya namna hii kabla ya kuirudisha Naivasha: fimbo za kulehemu za joto la chini, epoksi ya mirija miwili, Sikaflex-291i, na ribiti za pop za mkia uliozibwa. Niseme mapema: boti hii haizibwi na gundi. Inazibwa na ribiti iliyokaza, na gundi inasaidia tu.

Kwanza tujue inavuja wapi. Weka magogo chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na usawa wa mataruma, yaani mbavu zake, funga kizibo, mimina maji hadi sentimita 10. Usizidishe. Kwa boti ya ukubwa huu hayo peke yake ni kama kilo 400, na trela haiibebi boti kama ziwa linavyoibeba. Ngoja dakika 20, kisha ingia chini na chaki ya nta uzungushie kila ribiti inayodondosha.

Kamera isogee hapa. Mnaona hii, ya tatu kutoka omo, yaani mbele ya boti? Tone linajikusanya ukingoni mwa kichwa, linaanguka, jingine linaanza. Na pembeni kuna duara jeusi, kama masizi ya jiko. Hayo si matope. Ni unga wa alumini, unasagika kwa sababu ribiti inacheza ndani ya tundu lake. Ukiona weusi huo izungushie hata kama leo haidondoshi, maana itadondosha injini ikianza kutetemesha bodi.

Ribiti inayocheza hukazwa upya, na ni kazi ya watu wawili. Wa nje anagandamiza chuma kizito, hata nyundo ya kilo 2, juu ya kichwa. Wa ndani anagonga mkia kwa mapigo mafupi, matano au sita, basi. Ukigonga kwa hasira bati linatanuka na ribiti za jirani zinalegea, halafu unaanza kufukuza uvujaji kutoka upande huu hadi ule.

Iliyokatika, au ambayo tundu lake limepanuka, itoe. Piga ponchi katikati, toboa kichwa tu, kimalizie kwa tindo, sukuma kilichobaki. Hapo sasa ndipo tunaingia kwenye bidhaa.

Ribiti za pop za kawaida, zile utakazopewa ukifika duka la vifaa na kusema tu "nipe ribiti", ni za gata na milango. Zina tundu katikati, kwa hiyo maji yanapita humohumo. Isitoshe, nyingi zina msumari wa chuma, ule unaovutwa na koleo la ribiti, ambao kipande chake hubaki ndani. Chuma kikigusana na alumini majini, inayoliwa ni alumini. Omba za mkia uliozibwa, umbo la kikombe, mwili wa alumini, kipenyo cha milimita 4.8, utoboe kwa keekee ya 4.9. Nenda na sumaku mfukoni. Msumari ukinasa, rudisha pakiti. Pima pia unene wa mabati yote mawili kwa kalipa, ulinganishe na kipimo cha kushika kilichoandikwa kwenye pakiti. Fupi mno haishiki, ndefu mno haikazi. Kwangu hii ndiyo bidhaa bora mezani, na ndiyo watu wanayoidharau zaidi.

Sikaflex-291i ni poliyurethani ya boti. Chovya shingo ya ribiti ndani yake kabla ya kuingiza, ikaze, futa kinachotoka. Kazi safi sana. Ila ukiipaka juu ya ribiti inayocheza, itabanduka, kwani chini yake bado kuna mwendo. Jambo la kuangalia Nairobi ni baridi: gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na Julai inakawia. Juu utaigusa uone imekauka ilhali ndani ni mbichi. Ipe wiki nzima. Soma tarehe kwenye mrija kabla ya kulipa, mrija uliopitwa na wakati huwa umeganda. Na tafadhali, usiweke silikoni ya madirisha mahali pake. Rangi haishiki juu ya silikoni, na ukishaipaka, hata gundi nzuri utakayoleta baadaye itakataa.

Epoksi, hii ya J-B Weld kwa mfano, ina pahali pake: vishimo vya kutu nyeupe na nundu za kokoto. Futa mafuta kwa asetoni kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Paka mara tu umalizapo, kwa sababu ngozi ya oksidi hurudi kwenye alumini ndani ya dakika chache. Kwenye maungio usiipake. Maungio hupinda, epoksi haipindi, itapasuka.

Fimbo za kulehemu ndizo zinazopendeza kwenye video, na ndizo sizipendekezi kwa bodi ya ribiti. Huyeyuka karibu nyuzi 400, alumini 660, kwa hiyo inaonekana rahisi. Lakini bati lenyewe ndilo lapaswa kuiyeyusha fimbo, si moto wa gesi, na bati kubwa hivi hunyonya joto lote. Ukifaulu kulipasha kiasi hicho, umelilainisha, umetanua matundu ya ribiti, na umeunguza gundi yote ya zamani kwenye ungio. Zitumie kwenye mabano na vishikio ulivyovifungua, ukisugua kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida.

Mwisho, ubao wa nyuma unaobeba injini. Hapa boti nyingi zilizofufuliwa huharibiwa tena. Mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani kama nguzo za ua, zina shaba, na shaba huitoboa alumini. Na "marine board" ya kahawia ya maduka ya mbao mara nyingi ni ubao wa kumiminia zege tu. Uliza BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plywood ya boti. Kama haipo, chemsha kipande kwa saa kadhaa uone kama matabaka yanaachana. Gundisha mbao mbili za milimita 18, paka epoksi pande zote, kingo zikiwemo, na ndani ya kila tundu la bolti. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na chini ya kila moja washa ya nailoni.