TAHADHARI: Usisaini karatasi ya funguo kabla nyumba haijakaguliwa

Ndugu zangu mnaonunua nyumba za miradi, hizi zinazojengwa na makampuni huku pembezoni mwa Dar es Salaam na kuuzwa zikiwa bado ramani, someni hili kabla hamjaenda kuchukua funguo. Kampuni sitaitaja kwa sababu suala liko kwa wakili. Mchezo wenyewe nitaueleza wote, maana najua hauchezwi na kampuni moja.

Mkataba wa kawaida wa nyumba hizi unasema unalipa kwa awamu, na awamu ya mwisho unailipa siku ya makabidhiano rasmi. Maana yake nyumba imekwisha, pande mbili zimeikagua pamoja, kasoro zimeandikwa na zimerekebishwa. Sasa kazi inachelewa, kampuni inaishiwa fedha, na salio lako ndilo inalolitolea macho. Badala ya kumaliza nyumba, wanakupigia simu: "Dada, hongera, njoo uchukue funguo zako. Hamia tu, vitu vidogo vidogo tutamalizia ukiwa ndani." Unafika, unapewa soda, unapigwa picha umeshika funguo zenye utepe. Kisha inaletwa karatasi ya kusaini, na mtego wote umo humo.

Aliyeletewa karatasi hiyo ni mdogo wangu wa kike. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na kijana wa mauzo akamwambia ni ya kuonyesha tu kwamba amechukua funguo. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Inasema mnunuzi ameikagua nyumba, ameiridhia kama ilivyo na hana dai lolote kwa muuzaji. Inasema kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kampuni inawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza, kinaanza kuhesabiwa tarehe hiyo hiyo. Na mwisho inasema salio lote lilipwe ndani ya siku 14. Funguo zimetajwa kwenye mstari mmoja tu.

Alisaini, na simlaumu hata kidogo. Mnajua kodi za nyumba za mjini zinavyolipwa: miezi sita au mwaka mzima, tena kwa mkupuo. Mkataba wake wa upangaji ulikuwa unaisha mwezi ule, mwenye nyumba anataka chake, na huku kuna mtu anamwambia hamia kwako leo. Kampuni hizi zinajua hali hiyo, kwa hiyo simu inapigwa wakati mtu amebanwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulipoingia na fundi wetu ndipo tulipoona kilichokabidhiwa. Fundi alimwaga ndoo moja ya maji bafuni. Maji yakasimama kidogo, kisha yakaanza kwenda mlangoni kuelekea chumbani, tundu la maji likabaki kavu. Akaweka pima maji juu ya marumaru, tukaona sakafu nzima imelala upande usiofaa. Hapo hakuna cha kuziba kwa saruji nyeupe. Marumaru yote yang'olewe na sakafu imwagwe upya. Nje, bomba la maji taka lilikuwa linaishia kwenye shimo ambalo halijajengewa hata tofali moja, limefunikwa bati na juu yake kifusi. Mtu angehamia na watoto, choo kingetumika wiki chache, halafu uwanja wote ungenuka. Soketi za jikoni hazikuwa na waya wa ethi, ule wa kukukinga usipigwe na umeme.

Na umeme, hebu sikilizeni hapa. Mita ya LUKU ilikuwa moja, inalisha nyumba yake na za majirani, na imesajiliwa kwa jina la kampuni. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita isiyo yako inakuvuruga kwenye umeme na kwenye kodi pia. Ukinunua uniti, anayepika kwa jiko la umeme nyumba ya tatu anazimaliza, na huna pa kulalamikia kwa sababu TANESCO haikujui.

Tulipopeleka malalamiko, jibu lilikuwa fupi: "Mteja alisaini kwamba ameridhika." Tukasema kijana wenu aliahidi mtamalizia. Wakasema iko wapi hiyo ahadi? Na hapo sheria inawasaidia. Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 64, inataka mikataba ya kuhamisha haki katika ardhi iwe ya maandishi, na Sheria ya Ushahidi kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kuja kubadili kilichoandikwa na kusainiwa. Ahadi ya simu, hata mkiwa mnacheka vizuri namna gani, ni ngumu sana kuitetea.

Kwa hiyo wakikupigia, nenda, lakini nenda kukagua. Chukua fundi bomba, fundi umeme, na ukiweza mhandisi au mkadiriaji majenzi asiyelipwa na kampuni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na marumaru ya nyumba nzima. Fungua kila bomba, vuta maji kila choo, funga na fungua kila kitasa, funua kila mfuniko ulio nje. Uliza cheti cha kutumia jengo kutoka halmashauri. Kibali cha ujenzi peke yake ni ruhusa ya kujenga, hakisemi kwamba kilichojengwa kinafaa kukaliwa. Kama ni sehemu ya ghorofa, uliza hati yako ya sehemu hiyo imefikia wapi chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, maana wapo wanaokaa kwenye fleti zao wakisubiri karatasi.

Karatasi wakiileta, usiisaini hapo hapo. Omba nakala uende nayo kwa wakili. Wakikulazimisha usaini ndipo uruhusiwe kuingia, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea funguo kwa ajili ya ukaguzi tu. Nyumba sijaikubali." Weka tarehe, piga picha, ondoka na nakala. Wakikataa maneno hayo, ujue walichokuwa wanakitaka kwako si kupokea funguo.

Na usihamishe kitu, hata godoro la mlinzi. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kuanza kuitumia nyumba ni sawa na kuikubali. Soma wako kabla hujabeba hata kiti. Salio la mwisho likae kwako mpaka kila kasoro iliyoandikwa imerekebishwa, kwa sababu ndiyo nguvu pekee uliyobaki nayo.

Muulize pia kila anayekupa funguo kipindi cha kiangazi: paa limeshaonja masika? Kipindi cha matazamio mara nyingi ni miezi 6 hadi 12. Ukisaini Septemba kwa miezi 6, Machi muda umekwisha na mvua kubwa ndiyo kwanza zinaanza. Dari la jipsam likilowa Aprili, utaambiwa ni matengenezo yako. Dai muda uanze siku ya makabidhiano rasmi, na upite angalau masika moja.

Wewe uliyekwisha kusaini, usikae kimya. Andika barua yenye orodha ya kasoro na picha, ipeleke ofisini kwao mwenyewe, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, tuma kwa posta kwa rejista au ipitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria, lakini kadiri unavyokaa ndani ndivyo watakavyosema kasoro umezileta wewe.

Wakili wa mdogo wangu anakusanya karatasi za wanunuzi wengine waliosainishwa maneno hayo hayo. Kama uliitwa kwa "hamia tu, tutamalizia ukiwa ndani", niandikie inboksi. Tuma picha ya karatasi uliyosaini na ukurasa wa mkataba unaozungumzia makabidhiano. Ficha namba ya kitambulisho chako.